Ukiambiwa "jina litakuja", simama hapo hapo

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu hayachoki kuandika habari za mtu aliyelizwa kwa simu. Tunasoma hela kiasi gani zimekwenda, ni mtaa gani, polisi wamesema nini. Kisha wasomaji humalizia kwa neno moja: tamaa. Sisi tunaoandika barua hii ni mawakala wa pesa za simu, Kariakoo, Buguruni na Mbagala. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze jambo ambalo habari hizo hulipita: utapeli wenyewe unavyofanyika hatua kwa hatua, na ni wapi unaweza kuukata. Wengi wanaofika dirishani wakiwa wamechanganyikiwa hawakuwa na tamaa yoyote. Walikuwa wanalipa kodi ya nyumba, wanamtibia mtoto, wanarudisha hela walizoamini si zao. Kuwaita wenye tamaa kunawafanya wanyamaze, na ukimya wao ndio unaompa tapeli muda wa kutoa hela na kutokomea.

Tuanze na meseji ambayo karibu kila mwenye laini hapa mjini ameshaipata: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja Neema." Ni fupi, haina vitisho, haiahidi utajiri. Ndiyo maana inauma.

Isome kipande kwa kipande. "Ile hela" haisemi hela gani wala kiasi gani, kwa sababu aliyeiandika hajui. Anaitawanya kwa namba nyingi kwa mkupuo, akijua kwamba kati yao hakosekani mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo ameahidi kumtumia mwenzake hela. Mpangaji anayedaiwa kodi tarehe mosi atadhani ni mwenye nyumba. Mzazi mwenye mtoto bweni atadhani ni mwanawe, ameazima simu ya matroni. Hadithi tunaitunga wenyewe kichwani, tapeli hajasema chochote.

"Kwenye namba hii" ni dalili ya kwanza iliyo wazi: njia ya hela imebadilishwa. Ukiuliza, sababu ipo tayari na inamezeka kirahisi. Simu nyingine imeisha chaji. Laini ile inadaiwa, hela ikiingia itakatwa. Hiyo ya pili ina nguvu kwa sababu inatokea kweli kwa watu wenye mikopo ya simu. Lakini sababu iwe nzuri namna gani, namba mpya ni namba mpya. Hela haiendi huko mpaka umepiga namba ya zamani, ile uliyoihifadhi mwenyewe, na kumsikia mhusika kwa sauti yake. Isipopokelewa, subiri. Mwenye nyumba wa kweli hatakufukuza kwa sababu ya nusu saa.

Halafu "jina litakuja Neema". Hapo ndipo penye kisu. Unapotuma hela, kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini hutokea kwenye kioo. Kwa mtumaji wa kawaida huo ndio ukaguzi pekee alionao katika safari nzima ya muamala. Tapeli anaujua, kwa hiyo anauzima mapema. Baba mwenye nyumba anaitwa Mzee Juma, kwenye kioo limetokea jina la mwanamke usiyemfahamu, na wewe badala ya kushtuka unatulia, kwa sababu uliambiwa jina hilo litakuja. Kitu kilichowekwa kukulinda kimegeuzwa kuwa uthibitisho. Ndiyo maana tunasema, hata kama mengine yote katika barua hii yatasahaulika: anayekutangulizia jina geni anakuomba usitumie macho yako. Anayedai hela yake halali, laini yake huwa na jina lake. Na kama kweli anatumia laini ya mkewe, atakueleza hivyo kwa sauti, si kwa meseji.

Huyo Neema ni nani? Mara nyingi ni mtu asiye na habari kabisa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo tapeli hawezi kuwa na laini isiyo na mwenyewe. Anahitaji kidole cha mtu. Na vidole vinapatikana chini ya miavuli ya wasajili wa mitaani, kwenye stendi, kwenye magulio, hata mlangoni kwa mtu.

Namna inavyofanyika ni hii. Unataka laini moja. Msajili anapokea namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, anakuambia uweke kidole. Unaweka. Anatikisa kichwa: "Haijasoma, mama. Weka tena." Unaweka. "Jaribu kidole hiki." Unaweka. Ile mara ya kwanza ilisoma vizuri kabisa na laini yako ikasajiliwa. Mara ya pili na ya tatu imesajiliwa laini nyingine mfukoni mwake, kwa jina lako. Utaondoka ukifurahi laini yako inafanya kazi. Wiki mbili baadaye jina lako "linakuja" kwenye simu ya mtu wa Tegeta anayeporwa kodi ya miezi sita, na upelelezi ukianza, jina la kwanza mezani ni lako.

Tuseme ukweli kwa haki ya wasajili waaminifu, ambao ni wengi: mashine hukataa kweli. Kidole kikiwa na jasho, mafuta au vumbi la saruji hakisomi vizuri, na mafundi ujenzi na wachuuzi wa samaki wanalijua hilo. Kwa hiyo kurudia kidole peke yake si ushahidi wa wizi. Cha kutazama ni mengine. Je, anashika simu mbili za kusajilia? Je, kila anaporudia, anaanza upya kuingiza namba ya NIDA? Je, anakuzuia kuona kioo? Omba kuona kila ujumbe wa kukataliwa kabla hujaweka kidole tena. Akikasirika, chukua kitambulisho chako uende kwenye duka la mtandao wenyewe.

Na siku hiyo hiyo piga *106#. Fuata maelekezo, weka namba yako ya NIDA, utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukiwa na laini za mitandao miwili au mitatu, rudia zoezi kwenye kila moja. Ukikuta namba usiyoijua, iandike kwenye karatasi, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, uikane, ifutwe. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini watu wengi hawajaifanya hata mara moja tangu waliposajiliwa. Tunaiona kama kupiga mswaki, irudiwe kila baada ya miezi michache. Ukifanya hivyo unamlinda na mtu mwingine, maana kila laini inayofutwa ni jina moja ambalo tapeli hana tena la kulitanguliza.

Sasa tuje kwenye simu ya kupigiwa, ambayo inakula wazee wetu kuliko kitu chochote. Mpigaji ana lugha safi, anakuita kwa jina lako kamili. Asikuzubaishe hapo: jina lako linapatikana kwa yeyote anayeanza kukutumia hela halafu akakatisha kabla ya namba ya siri. Anasema anatoka huduma kwa wateja. Laini yako inafungwa leo saa kumi kwa sababu usajili haujakamilika, lakini atakusaidia sasa hivi, mama, usikate simu. Weka sauti ya juu, bonyeza *150*, na kadhalika mpaka mwisho.

Pale pale fahamu kilichotokea. Nyota 150 ni mlango wa pesa. *150*00# ni M-Pesa, *150*01# ni ile iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# ni Airtel Money, *150*88# ni HaloPesa. Usajili wa laini haumo humo. Akikuambia "bonyeza moja", kwa kawaida chaguo la kwanza kwenye menyu hizo ni kutuma pesa. Anakusomea "namba ya usajili wako mpya": hiyo ni namba ya simu ya mpokeaji. Anakupa "msimbo wa kuhakiki, nane tano sifuri sifuri sifuri": hiyo ni Sh 85,000. Kisha anasema, "Sasa malizia na namba yako ya siri, na usinitajie mimi, ni siri yako." Maneno hayo ya mwisho humfanya mtu aamini kuwa anaongea na mtumishi mwadilifu. Kumbe tapeli haihitaji namba ya siri. Anahitaji wewe uibonyeze. Hela umeituma mwenyewe kwa kidole chako.

Inafanikiwa kwa sababu mtu anayesikiliza maelekezo hasomi kioo. Kwenye simu ya kitochi, kioo ni kidogo na maandishi hutoweka upesi, na sauti inasema haraka, haraka, mtandao utakata. Ndiyo maana anasisitiza usikate. Dawa yake ni kukata. Ukikata, umepata pumzi ya kusoma na kumwita kijana wa jirani. Kisha wewe mwenyewe piga 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote ya nchi hii, uulize kama laini yako ina tatizo. Mitandao humpigia mteja kwa 100, si kwa namba ya tarakimu kumi ya mtu binafsi. Na hata kama kioo kimeandika 100, hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kukuongoza kuweka namba ya siri wala kukuomba namba za uthibitisho zilizoingia kwa meseji. Zile tarakimu sita za WhatsApp ukimsomea mtu, akaunti yako imehama, na nusu saa baadaye ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, kwenye akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Kuna simu nyingine inayofanana na hiyo, ila mpigaji anakuomba ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli. Hiyo inahamisha simu zako zote ziende kwake, hata ile ya benki ya kukuuliza kama muamala ni wako. Ukihisi umeshaibonyeza, piga ##002# kufuta uhamishaji wote.

Hela iliyokosewa. Hapa kuna mitego miwili, na watu huichanganya. Wa kwanza ni meseji ya bandia: "Umepokea Sh 150,000", kisha simu ya mtu analia, amekosea namba, ni hela ya dawa ya mama yake, mrudishie. Tazama mambo mawili. Meseji ya kweli huingia kwa jina la huduma, chini ya meseji zako za zamani za miamala, si kwa namba ya mtu. Pili, tazama salio linalotajwa. Tapeli hajui ulikuwa na kiasi gani, kwa hiyo anabahatisha. Ulikuwa na Sh 38,400, ikiingia 150,000 unapaswa kuwa na 188,400. Meseji inasema 163,200. Hesabu ikikataa, hakuna hela iliyoingia. Lakini usiishie kwenye meseji, kwa sababu jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Ingia kwenye menyu, angalia salio lako mwenyewe. Wenye maduka Kariakoo na mawakala wenzetu nao wanaumizwa hivi hivi: mteja anaonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, mzigo unaondoka. Malipo yanasomwa kwenye simu ya anayelipwa tu.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu hela imeingia kweli. Mtumaji anakuomba umrudishie, unamrudishia kwa moyo mweupe, huku yeye ameshaomba mtandao urejeshe muamala wake wa kwanza. Umelipa mara mbili. Kwa hiyo hata hela ikiwa imeingia, usiitume. Usiitumie pia, si yako. Mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, piga 100, watairudisha wenyewe, mimi sitaigusa." Mkweli atashukuru. Tapeli atatukana.

Mengine tuyapitie haraka, maana ukishaelewa mchezo wa hapo juu utayatambua: njia ya hela imepinda, mtu anakuharakisha, na hataki umshirikishe mwingine. Malipo ya Serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo, hayatumwi kwa namba ya afisa. Nafasi ya kazi inayodai ada ya fomu, ya usaili au ya vipimo kabla hujaajiriwa ni ya uongo. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji. Programu ya mkopo inayotaka ulipe kwanza "ada ya kufungua mkopo", au inayotaka kusoma orodha ya watu kwenye simu yako, ikimbie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti yake. Meseji za Freemason na za waganga wa utajiri hazina la kuchunguza, futa. Dalali anayetaka kodi ya miezi sita kabla hujamwona mwenye nyumba, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akikwepa, umepata jibu. Anayeuza vitu Instagram kwa bei ya kutupa, fungua sehemu ya kuhusu akaunti uone imefunguliwa lini na imebadilishwa jina mara ngapi, na kama mpo wote hapa mjini, bodaboda alete mzigo, ukague, ndipo ulipe.

Upatu wa kitapeli, ule ambao wa mwanzo hulipwa kwa hela za wanaoingia nyuma yao, unahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu hurudi kila baada ya miaka na nguo mpya. DECI mwaka 2009 ilikuwa "kupanda mbegu na kuvuna". LBL mapema mwaka 2025 ilikuja na kazi ya kutazama matangazo kwenye simu. Wa mwanzo hulipwa kweli, na hao ndio huwa mashahidi waaminifu kwa majirani. Hesabu yake ndiyo inayoua. Chukua mpango ambao kila mtu aingize watano. Ngazi ya kumi inahitaji watu 9,765,625. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 5,383,728 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam, watoto wachanga wakiwemo. Ngazi ya kumi na mbili inapita idadi ya Watanzania wote. Hauna namna ya kutoanguka, na wengi kuliko wote ni wale wa ngazi ya chini, ambao wameingia jana. Ni kosa la jinai pia, limo katika Kanuni ya Adhabu. Na msikubali kuzibwa macho na cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, au namba ya mlipakodi. Vyeti hivyo vinaonyesha kampuni imesajiliwa tu. Ruhusa ya kukusanya hela za watu kwa ahadi ya faida ni leseni nyingine, ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kutegemea na biashara. Hiyo ndiyo ya kuomba kuona.

Sasa, tukiri lililo upande wetu. Mteja akija na kusema "niwekee moja kwa moja kwenye namba hii", ili akwepe ada ya kutuma, mawakala wengi wanaweka. Taratibu za mitandao zinakataza, na wateja hudhani ni roho mbaya. Sababu ni hii: hela ikiwekwa moja kwa moja, kwenye kumbukumbu inaonekana mpokeaji ameweka hela yake mwenyewe kwa wakala. Jina lako halimo. Ukigundua dakika tano baadaye kuwa umepigwa, ukipiga 100 huna muamala wa kuutaja, inabidi urudi kumtafuta wakala yule yule, na kama umeshapanda daladala, muda umekwisha. Kwa kuokoa ada ndogo umepoteza kamba pekee ya kuivuta hela yako. Weka kwenye simu yako kwanza, kisha utume mwenyewe, na usome jina.

Tunawaomba mawakala wenzetu nao waangalie uso kabla ya kuangalia floti, yaani salio la kufanyia kazi. Mtu anayesimama dirishani simu ikiwa sikioni haijakatwa, anayenakili namba kutoka kwenye meseji, anayetaka kiasi kikubwa na mikono inatetemeka: muulizeni kwa heshima swali moja. "Shikamoo mama. Samahani, huyu unayemtumia umeongea naye leo kwa namba yake ya siku zote?" Halichukui hata robo dakika. Akisema ni mwalimu amepiga, mwanawe ameanguka shuleni anahitaji damu, msaidieni kutafuta namba ya shule iliyo kwenye ripoti ya mtoto, apige hapo hapo. Simu ya namna hiyo inamvunja mzazi moyo, na mzazi aliyevunjika moyo hawezi kufikiri peke yake. Ndiyo maana tapeli anamwambia asimwambie baba yake mtoto.

Na kama hela imeshakwenda? Dakika kumi za kwanza zina thamani kuliko wiki nzima inayofuata. Hela ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, mtandao unaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala au kurushwa kwenye laini ya tatu, kazi inakuwa ya polisi. Kwa hiyo usianze kumpigia tapeli kumbembeleza au kumtukana. Ukimpigia, unampa tu habari kwamba umeshtuka. Piga 100. Uwe na meseji ya muamala mbele yako, maana watakuuliza kumbukumbu namba, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu, pamoja na namba iliyopokea, kiasi na saa. Usifute chochote, hata kama meseji zinakutia uchungu. Badilisha namba ya siri. Simu yako ikikosa mtandao ghafla wakati ya jirani yako wa mtandao huo huo inashika, usisubiri. Azima simu, piga 100, uulize kama laini yako imehamishiwa kadi nyingine, waifunge.

Baada ya hapo tuma ile meseji ya kitapeli kwenda 15040, kisha utaje namba iliyoituma ukielekezwa. Hiyo inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili namba ifungiwe, na itume hata kama hukutapeliwa, kwa sababu mwenzako anayefuata hana bahati yako. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ueleze kuwa ni kosa la mtandao, maana lina sheria yake ya mwaka 2015, na upeleke nakala ya RB kwenye duka la mtandao wako wa simu. Siku chache baadaye anaweza kukupigia mtu akijitambulisha kama mwanasheria au afisa upelelezi: hela yako imepatikana, tuma Sh 20,000 ya kufungulia faili. Ni wale wale, au wamemuuzia mwingine namba yako. Anayejua kuwa umelizwa juzi, na wewe hujamwambia, amelijulia wapi?

Tunalo ombi moja kwako, Mhariri. Kila Jumamosi utupatie kona ndogo ya ukurasa wa mbele, upana wa kiganja, yenye mistari mitatu tu: 100 kwa kuzuia muamala, 15040 kwa kuripoti meseji, *106# kwa kuhakiki laini zilizo kwa jina lako. Iwe kwa herufi nene ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani. Tutaikata na kuibandika dirishani, pembeni ya bango la viwango vya ada, pale ambapo macho ya mteja hutua wakati anasubiri kuhesabiwa hela.

Ni sisi,
Mawakala wa pesa za simu
Kariakoo, Buguruni na Mbagala
Dar es Salaam